Mimea inayojenga nyumba za sisimizi kwa majani yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akipiga picha mgunga wenye vile vinundu vyeusi vyenye matundu, lazima atauliza hiki ni kitu gani, ni ugonjwa au ni matunda. Sio ugonjwa wala sio matunda. Ni nyumba za sisimizi, na fundi wake ni mti wenyewe. Mengi hapa nimeyajibu kwa kutumia mgunga wetu huu wa nundu (Vachellia drepanolobium, zamani ukiandikwa Acacia drepanolobium) sababu ndio upo karibu nasi na ndio umechunguzwa sana, ila pale jani lenyewe linapogeuka kuwa chumba itabidi twende mpaka misitu ya Kongo, Amerika ya Kusini na Asia.

Hivi kweli mmea ndio unajenga, au sisimizi wanatoboa tu na kuhamia?

Mmea ndio unajenga. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika kwa sababu watu wengi wanachanganya na majimoto, wale sisimizi wekundu wa kwenye miembe, mikorosho na mikarafuu. Majimoto wanajijengea wenyewe, wanajipanga mstari wanavuta kingo za majani mpaka zikutane, halafu wengine wanabeba watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku ili uzi wa hariri wanaoutoa ushone yale majani. Mwembe hapo haujafanya chochote, majani yake ni ya kawaida kabisa, na majimoto wakihama unabaki vile vile.

Mgunga wa nundu ni tofauti. Ukiotesha mbegu mahali ambapo hamna sisimizi hata mmoja nundu zinatoka tu, muda wake ukifika. Zamani wataalamu walibishana sana juu ya hili, wengine wakisema lazima sisimizi anauma ndio panavimba, ile namna nyigu fulani wanavyofanya majani yavimbe. Mwaka 1883 mtaalamu wa mimea Melchior Treub akiwa Java alionyesha jambo hilo hilo kwa mmea mwingine, Myrmecodia, ambao una shina lililovimba lenye vyumba ndani: miche iliyokua bila sisimizi ilitengeneza vyumba vyake vizuri tu. Kwa hiyo ramani ya nyumba ipo ndani ya mmea tangu mbegu.

Lakini nundu ipo kwenye mwiba, jani linaingiaje hapo?

Swali zuri sana hili na majibu mengi mtandaoni yanaliruka. Miiba sio kitu kimoja. Mwiba wa mlimau ni tawi lililobadilika, mwiba wa waridi ni ngozi tu ya shina ndio maana unabanduka kirahisi, ila mwiba wa mgunga ni sehemu ya jani. Jani la mimea mingi linakuja na vijani viwili vidogo shinani mwa kikonyo, kimoja kulia kingine kushoto, angalia hata kwenye njegere utaviona vikubwa tu. Kwa mgunga vile vijani viwili ndivyo vimekuwa miiba, na ndio maana miiba yake inakuja jozi jozi na katikati ya kila jozi ndipo jani linapotokea.

Sasa kwenye mgunga wa nundu jozi nyingi zinabaki miiba ya kawaida, miembamba, mirefu, minyoofu, ya sentimita 6 hata 7, alafu baadhi ya jozi zinavimba pale chini zinapoungana, unapata bonge moja lenye miiba miwili imechomoza kama pembe, bonge lenyewe saa nyingine linafika sentimita 5. Tawi lile lile, jozi hii nyembamba na inayofuata imevimba. Mtu akikwambia ni mwiba umeugua, mwonyeshe hiyo mpangilio wa jozi na jani katikati.

Nundu inakua vipi, hatua kwa hatua?

Inaanza kwenye chipukizi. Tawi jipya likisogea mbele baada ya mvua, vile vijani viwili vinatokea vikiwa vidogo na laini, na kwa jozi iliyopangiwa kuvimba, seli za pale chini zinagawanyika na kutanuka kwa pande zote badala ya kurefuka tu. Wakati huo nundu ni ya kijani au ina wekundu wa zambarau, ukiibonyeza inabonyea, na hapo ndipo sisimizi wanapoiwahi sababu ikishakauka ukuta unakuwa mgumu mno. Wanatafuna tundu dogo wanaingia, mabaki ya nyama laini yaliyomo wanayatoa, wanabaki na chumba. Baada ya hapo ukuta unakomaa na kuwa mti mtupu, rangi inageuka kuwa kijivu mpaka nyeusi, na nyumba inaweza kutumika kwa muda mrefu hata baada ya jani lake kudondoka.

Kwa hiyo kazi imegawanywa: mti unatoa kuta, paa na uwazi, sisimizi anatoa mlango.

Ule mluzi unaosikika kwenye migunga hii ni sisimizi wanapiga?

Hapana, ni upepo unapita kwenye matundu ya nundu kavu.

Mbona miche midogo haina nundu kabisa?

Kwa sababu nyumba ni gharama na mmea una umri wake wa kuanza kujenga. Hapa ndipo sayansi imepiga hatua kubwa karibuni. Mwaka 2019 Aaron Leichty na Scott Poethig wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa utafiti juu ya migunga ya Amerika ya Kati, ndugu za huu wetu, kina Vachellia cornigera, ambao nao wana miiba mikubwa iliyovimba inayokaliwa na sisimizi. Walikuta kwamba nyumba, vitezi vya nekta (yale maji matamu wanayokunywa sisimizi) na chakula cha sisimizi haviji kwa bahati tu, vyote vinafuata saa ya umri wa mmea.

Saa yenyewe ni molekuli ndogo inaitwa miR156. Mmea ukiwa mchanga inakuwa nyingi na inazuia protini za kundi la SPL zisitengenezwe, mmea ukiendelea kukua inapungua, zile SPL zinapanda, na majani yanayotoka kuanzia hapo yanakuja na tabia za utu uzima. Saa hii haikubuniwa kwa ajili ya sisimizi, ipo kwenye mimea kibao, hata mahindi wanayo, mgunga umeichukua tu ukaifungia kazi mpya. Na mwanga nao una neno lake, mmea uliokuzwa kwenye kivuli unachelewa kufika hatua ya kujenga, jambo ambalo linaingia akilini kabisa maana sukari ya kujengea na kulishia wapangaji inatoka kwenye mwanga.

Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mtamu kuliko yote kwenye mada hii, kwa sababu unaonyesha mmea hauhitaji kuvumbua kiungo kipya, unachukua kijani cha shinani ambacho tayari kipo, na saa ya umri ambayo tayari ipo, unaviunganisha, na nyumba inapatikana.

Kuna mimea ambayo jani lenyewe la kijani ndio nyumba?

Ipo, na mingine ipo Kongo. Kwenye kivuli cha misitu ya Afrika ya Kati kuna kichaka kinaitwa Scaphopetalum thonneri, jani lake ni kubwa na shinani, kando ya mshipa wa kati, upande mmoja tu, kuna kifuko kirefu kimeinukia juu, na mlango wake uko upande wa chini wa jani. Ukitaka kuelewa kimetokeaje, tandaza shuka hewani halafu isukume kwa kidole gumba toka chini: shuka haijakatwa wala haijashonwa, imeinuka tu pale. Jani nalo ni hivyo, likiwa bado changa sehemu moja inakua haraka kuliko jirani zake, na kwa kuwa haina pa kwenda kwa upana inabidi ijikunje itoke juu. Cola marsupium, ambayo ni ndugu wa ile kola inayotafunwa, nayo ina vifuko shinani mwa jani.

Amerika ya Kusini njia ni zaidi ya moja. Hirtella physophora, ipo Guiana ya Ufaransa na Amazoni, kingo za jani pale shinani zinajikunja kwenda chini mpaka zinafunga vifuko viwili, kulia na kushoto mwa mshipa. Wapangaji wake ni Allomerus decemarticulatus, sisimizi wadogo sana wanaokata nywele za mmea wakazifuma na kuvu, wakatengeneza mtego kando ya tawi wenye vitundu vingi, mdudu mkubwa akikanyaga wanamshika miguu toka ndani na kumvuta pande zote. Maieta guianensis yenyewe inatoa majani mawili mawili yasiyolingana, moja kubwa moja dogo sana, na vifuko viwili vinakaa kwenye lile kubwa.

Halafu kuna Dischidia major ya Asia ya Kusini-Mashariki, inayokaa juu ya miti mingine bila kugusa ardhi. Hii ina majani ya aina mbili kwenye mmea mmoja, mengine madogo bapa ya kawaida na mengine yamevimba yakafunga mfuko mtupu wenye mlango mwembamba. Upande wa chini wa jani ndio umekuwa ukuta wa ndani, na vile vitundu vidogo vya kupumulia ambavyo kwa kawaida viko chini ya jani sasa vimefungiwa mle ndani pamoja na sisimizi. Mmea unateremsha na mizizi yake humo humo.

Mizizi ndani ya jani inatafuta nini?

Chakula. Sisimizi wanaingiza vipande vya wadudu, wanakufa humo, wanakunya humo, takataka zinaoza, na mmea ambao hauna udongo unapata mbolea. Mwaka 1995 Kathleen Treseder na wenzake walipima Dischidia major wakakuta takriban asilimia 29 ya naitrojeni ya mmea ilitokana na takataka za sisimizi, na takriban asilimia 39 ya kaboni kwenye majani ilitokana na hewa ya kaboni dioksaidi wanayoitoa wakipumua. Yaani vile vitundu vya kupumulia vilivyogeukia ndani vinavuna pumzi ya wapangaji.

Kwa mgunga faida ni nini? Sisimizi mdogo hivyo atamfanya nini tembo?

Atamfanya mengi. Tembo ana ngozi nene lakini ndani ya mkonga ni laini na pana neva nyingi, na sisimizi wa mgunga tawi likiguswa tu wanamwagika kwa mamia, wanauma na kubaki wameng'ang'ania. Jacob Goheen na Todd Palmer mwaka 2010 walichapisha majaribio ambayo tembo walipewa matawi yenye sisimizi na yasiyo nao. Tawi la mgunga wa nundu lisilo na sisimizi walilila vizuri tu, lile lenye sisimizi wakalikwepa, na kubwa zaidi, walipowekwa sisimizi kwenye tawi la mgunga mwingine ambao tembo wanaupenda, nalo likakwepwa. Kwa hiyo kinachomzuia tembo ni sisimizi, miiba na ladha ya jani havimsumbui.

Ndio maana kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika, unakuta eneo kubwa karibu miti yote ni mgunga huu mmoja, na tembo wapo hapo hapo.

Sisimizi wote wanaokaa humo ni wazuri kwa mti?

Hapana, na hapa mambo yanakuwa matamu. Laikipia, Kenya, ambako watafiti wa kituo cha Mpala wamekaa na miti hii miaka mingi, aina nne za sisimizi zinagombania mti huu, na kwa kawaida mti mmoja unashikwa na kundi moja.

Crematogaster mimosae ndiye mlinzi hasa, mkali, anaishi kwenye nundu na kunywa nekta ya vitezi vilivyo kwenye kikonyo cha jani. Crematogaster nigriceps naye mkali lakini anakata machipukizi ya pembeni, mti unabaki na umbo la kubana na hauzai, inaonekana anafanya hivyo ili matawi yasigusane na mti wa jirani wenye maadui zake. Tetraponera penzigi ni mwembamba, mlango wake anauacha mdogo sana ili wengine wasipite, na vitezi vya nekta anaviharibu kabisa, hivyo mti hauvutii wavamizi. Wa nne, Crematogaster sjostedti, nundu hazitumii kwa makazi, anakaa kwenye mashimo ya shina yaliyotobolewa na watoto wa mbawakawa, na ulinzi wake ni hafifu. Mti wenye huyu unateseka, maana yeye mbawakawa wanamfaa.

Kwa hiyo ukiona nundu nzuri zimejaa, bado hujajua kama mti unalindwa. Gonga tawi kwa fimbo, uone wanatoka akina nani na kwa kasi gani.

Nikiweka uzio wanyama wasile, mti si utanawiri?

Kila mtu anadhani hivyo, na majibu ya Laikipia yalishangaza watu. Kuanzia mwaka 1995 pale kuna maeneo yaliyozungushiwa uzio wa umeme ili wanyama wakubwa wasiingie. Mwaka 2008 Palmer na wenzake walitoa matokeo ya miaka kumi: miti iliyokuwa ndani ya uzio ilipunguza kujenga nundu na ikapunguza nekta. Hamna wa kuula, kwa nini ugharamie walinzi? Lakini C. mimosae aliyepunguziwa nyumba na chakula akapoa, akawa hashambulii sana, akaanza kufuga zaidi wale wadudu gamba wanaofyonza utomvu wa mti, na akapoteza miti kwa yule C. sjostedti anayekaribisha mbawakawa. Mwisho wake miti isiyoliwa na twiga wala tembo ikawa inakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyo nje inayoliwa kila siku.

Hii inatufundisha pia kuhusu swali la jinsi nyumba zinavyojengwa: idadi ya nundu haijapigwa muhuri kwenye mbegu. Umbo ni la kuzaliwa nalo ila wingi mti unaupanga kufuatana na jinsi unavyoliwa.

Majani ya mbuni wangu (mti wa kahawa) yana vishimo vidogo kwa chini. Ni nyumba za sisimizi?

Hapana ila umeona vizuri sana. Geuza jani la kahawa uangalie pale mishipa ya pembeni inapoungana na mshipa wa kati, kila kona ina kishimo, na kwa upande wa juu utaona kipele kidogo mahali hapo hapo. Hizo nazo ni nyumba zilizojengwa na mmea lakini wapangaji wake ni utitiri, sisimizi hawezi kuenea humo. Sio wadudu wamekutobolea, usipige dawa kwa sababu ya vishimo hivyo, mbuni wenye afya kabisa unavyo.

Ujenzi huu ulianza mara moja ukasambaa, au mara nyingi?

Mara nyingi mno. Guillaume Chomicki na Susanne Renner mwaka 2015 waliorodhesha spishi 681 za mimea yenye nyumba za sisimizi, kwenye koo 50, na hesabu yao ni kwamba nyumba hizi zilianza zenyewe kama mara 158, mahali mbalimbali, na ya zamani kabisa haizidi miaka milioni 19 hivi. Wengine walitumia shina, wengine vijani vya shinani, wengine bapa la jani. Na mimea mingine ilijenga, ikafika mahali ikaacha.

Mimi naona sababu ya kutokea mara nyingi hivyo ni kwamba malighafi zipo tayari. Jani linaweza kujikunja, shina linaweza kubaki na uwazi, na sisimizi anaingia kwenye uwazi wowote atakaoukuta, akiusaidia mmea kidogo tu basi kizazi kinachofuata cha mimea yenye uwazi mkubwa zaidi kinapata nafasi.

Nimesikia kuna sisimizi wageni wanaua hawa wa kwenye mgunga, ni kweli?

Ni kweli na ni jambo la kutia wasiwasi. Pheidole megacephala, sisimizi mwenye kichwa kikubwa, ameingia Laikipia na anasambaa polepole, anaua wenyeji wa nundu, anakula watoto wao, na yeye mti haulindi. Corinna Riginos na wenzake mwaka 2015 walionyesha kuwa pale alipoingia, miti iliyovunjwa vibaya na tembo ilikuwa mara 5 hadi 7 ya kwingine.

Halafu mwaka 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake wakafuata mnyororo huo mpaka kwa simba wa hifadhi ya Ol Pejeta, huko huko Laikipia. Miti ikivunjwa, uwanda unafunguka, simba hana pa kujificha anapomvizia pundamilia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba, kufikia 2020 wameshuka mpaka asilimia 42, na nyati ambao mwanzo hawakuwemo wakafika asilimia 42. Simba hawakupungua, walibadilisha windo. Nundu zenyewe bado zipo na mti unaendelea kuzijenga, ila aliyejengewa hayupo.

Naweza kuiona wapi, na niangalie nini?

Nairobi National Park ipo mingi, Laikipia, na Serengeti pia. Tafuta udongo mweusi na miti mifupi yenye vinundu vyeusi. Nenda msimu wa mvua kama unataka kuona nundu changa za kijani na zambarau, kiangazi utakuta kavu tupu. Anza kwenye ncha ya tawi ambako ndio kupya, rudi nyuma kidogo kidogo ukilinganisha jozi moja na nyingine, utaona jozi nyembamba, jozi inayoanza kunenepa chini, nundu laini isiyo na tundu, halafu yenye tundu. Usishike kwa mkono mtupu.

Kwetu tunaukata kwa mkaa, unaota tena?

Unachipua tena kutoka kwenye kisiki. Ila hesabu kwamba kundi la sisimizi limepoteza nyumba zake zote kwa mpigo na machipukizi mapya ni laini, mbuzi na twiga wanayapenda, kwa hiyo ukiacha miti mikubwa yenye sisimizi imesimama karibu, C. mimosae wana mahali pa kutokea kuja kuwahi nundu za kwanza za kisiki zikiwa bado hazijakauka.